Biashara ya vitabu vya mitumba Arusha na Meru

Biashara ya vitabu vya mitumba Arusha na Meru ni ununuzi, uuzaji na ubadilishanaji wa vitabu vilivyokwisha kutumika katika Jiji la Arusha na katika miji midogo inayouzunguka Mlima Meru, kuanzia Ngaramtoni upande wa magharibi hadi Tengeru, Makumira na Usa River upande wa mashariki. Bidhaa yenyewe ina asili mbili. Kuna kitabu kilichosomwa hapahapa nchini na kupita mikononi mwa wanafunzi watatu wanne kabla ya kufika mezani. Na kuna kitabu kilichoingia kutoka Ulaya au Marekani kikiwa tayari kimetumika huko. Jina la mtumba lilitoka kwenye nguo za marobota, na sasa linavifunika vyote viwili. Nairobi wauzaji wa namna hii huitwa "inama", kwa sababu mteja lazima ainame kuchagua. Arusha nako vitabu vingi hupangwa chini, juu ya turubai, migongo ikitazama juu, ingawa jina hilo halikuvuka mpaka.

Anayeiongoza biashara hii ni mtaala. Ukitaka kujua kwa nini kitabu kinachogombewa Januari hii kitapimwa kwa kilo Januari ijayo, usitazame kwanza jalada wala uchakavu wake. Tazama Wizara ya Elimu imetangaza nini.

Kitabu cha kurithi

Wamisionari wawili wa kwanza wa Misheni ya Leipzig waliotumwa Meru, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwaka 1896. Misheni ilirudi na kujenga kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, na kusoma kukaja mlimani pamoja na mafundisho ya ubatizo. Kwa hiyo kitabu cha kwanza kuingia katika nyumba nyingi za Wameru na Waarusha kilikuwa cha dini, na kitabu cha dini hakiuzwi. Hurithiwa. Kitabu cha nyimbo cha Mwimbieni Bwana chenye jina la bibi kwenye ukurasa wa kwanza hubaki nyumbani hata jalada likiisha. Chuo cha theolojia cha Walutheri kilipohamia Makumira kutoka Lwandai, Usambara, mwaka 1954, mlima ulipata kundi jingine la wasomaji: wachungaji wenye rafu zao wenyewe za vitabu vya Kiingereza na Kijerumani. Rafu hizo ndizo zilizokuja kufunguliwa miaka mingi baadaye, wenyewe walipostaafu au kufariki na watoto wakawa hawana pa kuziweka.

Vitabu vya kawaida, vya hadithi na vya shule, vilianza kuwa vingi baada ya East African Literature Bureau kuundwa mwaka 1948, na zaidi katika miaka ya 1960, wachapishaji wa Nairobi walipokuwa wakiwauzia wasomaji wa nchi zote tatu za Afrika Mashariki na Dar es Salaam ikawa na Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa mwaka 1966. Arusha ilikaa pazuri, kwani Namanga iko kilomita 110 hivi tu, na kitabu kilichochapwa Nairobi kilifika Arusha kwa safari fupi kuliko kilichochapwa Dar es Salaam.

Namanga inafungwa

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Literature Bureau ilikufa pamoja na Jumuiya. Mwaka huohuo serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi kwa wote, UPE, kufuatia Azimio la Musoma la 1974, na watoto wakamiminika madarasani. Vita vya Kagera vilifuata mwaka 1978, kisha ukaja uhaba wa fedha za kigeni, na bila fedha za kigeni karatasi haikutosha. Wanafunzi wakaongezeka huku vitabu vikipungua.

Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hapo ndipo biashara ya kitabu kilichotumika ilipozaliwa kwa kweli, hata kama hakukuwa na meza wala bei iliyotajwa. Kitabu cha kaka kilikuwa akiba ya mdogo wake. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyemaliza na kitabu kizima cha fizikia alikuwa na mali mkononi. Riwaya nazo zilipokezanwa vivyo hivyo: Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, iliyotoka mwaka 1974, na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, zilisomwa mpaka kurasa za mwanzo zikang'oka, na msomaji wa mwisho akasimuliwa mwanzo na wa kabla yake.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya mazungumzo yaliyomalizikia hapahapa Arusha. Mwaka uliofuata serikali ililegeza masharti na kuruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Marobota ya nguo yakaanza kuonekana wazi sokoni. Vitabu vilifuata nyuma yake taratibu.

Makontena na wageni

Vitabu vya nje vilivyotumika huingia kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni misaada. Shirika la Uingereza lijulikanalo leo kama Book Aid International lilianza mwaka 1954, na Books for Africa la Minnesota likaanza mwaka 1988; yote mawili yametuma vitabu vingi barani Afrika, Tanzania ikiwemo. Vitabu hivyo hupelekwa shuleni na maktaba, si sokoni. Lakini maktaba hupunguza rafu zake, shule hufungwa, na mtu aliyepewa sanduku zima hukuta ndani yake vitabu vitatu vya kemia na kumi na viwili vya sheria za kodi za Marekani. Hivyo mtu wa Kijenge anaweza kununua kamusi yenye mhuri wa maktaba ya mji asioujua, na ndani yake kadi ya tarehe za kuazima iliyokoma miaka thelathini iliyopita.

Njia ya pili ni wageni waliokaa Arusha kikazi, na hii ni ya Arusha kuliko mji mwingine wowote wa bara. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilifanya kazi mjini hapa kuanzia 1995 hadi 2015, kwa Kiingereza na Kifaransa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilihamia mwaka 2007, na Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa ina makao yake hapa. Mgeni anayehama huuza friji, kitanda na kabati, na vitabu hutolewa pamoja na kabati kwa sababu uzito wake kwenye ndege ni ghali. Ndiyo maana mezani Arusha riwaya ya Kifaransa haimshangazi mtu.

Watalii nao wana sehemu yao. Msafiri humaliza riwaya yake ya jalada laini kambini, akaiacha hotelini. Vitabu vinavyowindwa zaidi vya upande huo ni vya ndege na wanyama: mwongozo wa ndege wa Afrika Mashariki wa Stevenson na Fanshawe, uliotoka mwaka 2002, na kitabu cha Richard Estes juu ya tabia za wanyama, cha mwaka 1991. Kijana anayesomea kuongoza watalii hawezi kununua kipya, na muuzaji analijua hilo. Kwa hiyo hivi viwili havipangwi chini na vingine. Hukaa ndani ya begi mpaka viulizwe.

Mtaala na bei

Hadi mwaka 1991 vitabu vya kiada vilikuwa mikononi mwa serikali. Sera ya mwaka huo iliwafungulia mlango wachapishaji binafsi, na baada ya sheria ya elimu kurekebishwa mwaka 1995, shule binafsi za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza ziliongezeka haraka Arusha. Nyingi zilitegemea vitabu kutoka Kenya, vikishuka na mabasi ya Namanga. Katika kipindi hiki muuzaji alihitaji kumbukumbu ya ajabu. Vitabu vya wachapishaji kadhaa viliidhinishwa kwa somo lilelile la darasa lilelile, kila shule ikachagua chake, na mzazi alikuja na jina la shule tu. Muuzaji asiyejua shule ya Sakina inatumia hesabu za nani na ile ya Njiro inatumia za nani alipoteza mteja.

Mambo yaligeuka kwa mapigo kadhaa. Mtaala wa 2005 ulikiua kizazi kizima cha vitabu vya zamani. Mwaka 2012 kampuni ya Uingereza ya BAE Systems iliilipa Tanzania pauni milioni 29.5 kufuatia kashfa ya ununuzi wa rada, na sehemu kubwa ya fedha hizo, ambazo wananchi waliziita chenji ya rada, ikanunua vitabu vya shule za msingi. Mwaka 2013 kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu, EMAC, ilivunjwa baada ya malalamiko bungeni juu ya makosa yaliyojaa vitabuni, na kazi ya vitabu vya kiada ikarudi kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Kitabu kikawa kimoja kwa nchi nzima. Mzigo wa vitabu vya wachapishaji binafsi uliokuwa umenunuliwa kwa fedha taslimu ukakosa wateja. Mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024 na kuleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, umeirudia hadithi hiyohiyo.

Kidato cha tano na cha sita ndivyo vilivyosalimika. Huko vitabu huitwa kwa majina ya mkato, kana kwamba ni jamaa wa mtaani: Nelkon na Chand kwa fizikia, BS kwa biolojia, Nyambari kwa historia. Hivi havibadiliki upesi, na Julai wanafunzi wapya wanaporipoti, Nelkon iliyopigwa gundi hupata mnunuzi kabla haijakauka. Riwaya na tamthilia zilizokaa muda mrefu kwenye orodha ya fasihi nazo zimekuwa mali ya kuaminika: Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo, Ngoswe ya Edwin Semzaba.

Mezani

Mnunuzi wa jumla wa kitabu, ambaye ndiye muuzaji wa kesho, haanzi na jalada. Hukishika kitabu kwa mgongo, akakiacha kining'inie: kurasa zilizolegea hujionyesha zenyewe. Kisha hufungua mwisho, kwa sababu majibu ya mazoezi ndiyo kurasa zinazochanwa zaidi, na kitabu cha hesabu kisicho na majibu hushuka bei nusu nzima. Halafu hutafuta mhuri. Kitabu chenye mhuri wa shule ni cha kurudishwa, na muuzaji mwenye heshima yake hakipokei. Ukurasa wa kwanza uliochanwa kwa unadhifu humtia shaka kuliko ukurasa uliochakaa. Matengenezo hufanywa palepale: gundi nyeupe mgongoni, uzi wa kushonea viatu kwa kitabu kinene, karatasi ya nailoni juu ya jalada. Wanaoanza bila mtaji huchukua mali kauli, yaani hupewa vitabu kwa ahadi ya mdomo na kulipa wakishauza.

Meza zimehamishwa mara nyingi. Desemba 2018 serikali iligawa vitambulisho vya wamachinga kwa shilingi 20,000 kila kimoja, na kwa muda wauzaji wakapumua pembezoni mwa barabara. Mwishoni mwa 2021 wamachinga wakaondolewa barabarani nchi nzima na kupelekwa maeneo maalumu. Kwa muuza nyanya kuhama ni hasara ya wiki kadhaa. Kwa muuza vitabu ni hasara kubwa zaidi, kwani mteja wake mkubwa ni mpita njia ambaye hakuwa ametoka nyumbani kununua kitabu.

Simu imechukua sehemu ya pengo hilo. Picha ya mgongo wa vitabu kumi hutumwa kwenye kundi la WhatsApp, malipo huja kwa simu, na kifurushi hupanda basi. Simu hiyohiyo pia hubeba nakala za PDF zinazosambazwa bila idhini, na maduka ya kudurufu hutoa sura nzima za vitabu ingawa Sheria ya Hakimiliki ya 1999 ipo. Kisichouzika kabisa huenda kwa wauza karanga na maandazi. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, karatasi ina thamani ya kufungia, na kitabu kisicho kwenye mtaala hakina wa kukitetea kwenye mizani.

Vitabu vya mlima wenyewe

Hapa ndipo hasara inapouma. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi ardhi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akasimama Umoja wa Mataifa kuwasemea. Mkasa huo umeandikwa katika vitabu vitatu vilivyochapwa Afrika Mashariki: The Meru Land Case cha Japhet mwenyewe na wakili Earle Seaton, cha mwaka 1967, The Freemen of Meru cha Anton Nelson, cha mwaka huohuo, na riwaya ya Ismael Mbise, Blood on Our Land, ya mwaka 1974. Ni miaka mingi sasa havionekani vipya madukani. Havimo katika orodha ya masomo ya darasani, kwa hiyo kwa kipimo cha sokoni ni karatasi.

Vinapopatikana, hupatikana katika sanduku la mwalimu mstaafu au mchungaji, kati ya majarida ya zamani na daftari za hesabu za kahawa. Muuzaji asiyevijua huvipanga pamoja na vya kilo. Anayevijua hukitoa kitabu, akakipangusa vumbi, akaandika ndani kwa penseli namba ya simu ya mtu aliyeagiza miaka miwili iliyopita, kisha akakitia begini pamoja na vitabu vya ndege.