Meno Yaliyosingiziwa Maumivu ya Taya

Mwaka 1934, James Costen, daktari wa masikio, pua na koo katika jiji la St. Louis, Marekani, alichapisha habari za wagonjwa 11. Walilalamikia masikio kuziba, mvumo, kizunguzungu na kichwa kuuma. Costen akashuku meno. Alidai kwamba mtu akishang'olewa magego, taya la chini hupanda kupita kiasi anapofunga kinywa, na kichwa cha taya hugandamiza neva zilizo karibu na sikio.

Wagonjwa 11 ni wachache mno kuwa msingi wa nadharia. Hata hivyo, jina la Costen lilienea, pamoja na imani kwamba meno ndiyo chanzo cha maumivu ya taya, na kwa miongo mingi meno mazima yakasagwa ili taya litulie. Mwaka 1948 mtaalamu wa anatomia Harry Sicher alionyesha kuwa maumbile ya eneo hilo hayaruhusu mgandamizo huo, lakini imani ilikuwa imeshaota mizizi.

Taya lililoteguka halikuwahi kuwa fumbo. Mafunjo ya Misri ya yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo yanaeleza namna ya kulirudisha kwa vidole gumba, maana kinywa kilichokataa kufunga kila mtu hukiona. Maumivu hayaonekani, na hapo ndipo tabu ilipoanzia.

Katika miaka ya 1950 Laszlo Schwartz wa Chuo Kikuu cha Columbia aliyaacha meno, akaigeukia misuli ya kutafunia. Mwaka 1969 Daniel Laskin, akiwa Chicago, akahusisha maumivu na uchovu wa misuli hiyo kwa mtu anayekaza meno kwa sababu ya msongo wa mawazo.

Kisha zikaja picha. Mashine za MRI za miaka ya 1980 zilionyesha wazi kisahani cha gegedu kilicho ndani ya kiungo cha taya, na kila kisahani kilichohama kikaonekana kuwa ndicho chanzo. Baadaye ilibainika kwamba watu wengi wasio na maumivu yoyote nao visahani vyao vimehama. Wakati huo baadhi ya wagonjwa walikuwa wameshawekewa vipandikizi vya Teflon, vikavunjikavunjika na kula mfupa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ikaviondoa sokoni.

Mageuzi makubwa kuliko yote, na yenye utu zaidi, yalikuja mwaka 1992. Samuel Dworkin na Linda LeResche wa Seattle waliweka vigezo vya pande mbili: hali ya kiungo na misuli, na jinsi maumivu yanavyoathiri maisha na hisia za mgonjwa. Mwaka 2014 vigezo hivyo viliboreshwa. Siku hizi mchunguzi hubonyeza misuli ya shavu kwa nguvu ya kilo 1, kisha huuliza: haya ndiyo maumivu yako ya kila siku? Jibu la mgonjwa limekuwa sehemu ya kipimo.

Kwa hiyo, msomaji, taya linaloalika bila kuuma kwa kawaida halihitaji tiba. Likiuma, nawe ukaambiwa meno yako mazima yasagwe ili lipone, usikubali kabla misuli yako haijapimwa na maelezo yako hayajasikilizwa.