Ubani wa kanisa ndani ya chupa ya parfumu: unatoka wapi, na nani anafaidika?

Kama umewahi kusali Misa ya sherehe Butembo ao Beni, harufu hii unaijua. Mutumishi wa altare anatikisa chetezo, moshi unapanda, na hata ukifika nyumbani nguo bado zinanuka ubani. Kwa familia nyingi za Beni na vijiji vya pembeni, harufu ile ile inakumbusha mazishi, kwa sababu sanduku ya marehemu pia inafukizwa. Kule pwani ya Waswahili neno lenyewe limebeba mambo hayo mawili: ubani ni utomvu wa kufukiza, na "kutoa ubani" ni kupeleka muchango kwa wenye matanga.

Leo harufu hiyo inauzwa ndani ya chupa katika miji mikubwa ya dunia. Tueleze parfumu ya ubani ni kitu gani, ubani unatoka wapi, na kwa nini jambo hili linatugusa sisi wenye kulima vanila.

Parfumu yenye jina la muji wa mapapa

Mwaka wa 2002, Comme des Garçons, nyumba ya mavazi ambayo mama Rei Kawakubo alianzisha Tokyo mwaka wa 1969, ilitoa parfumu tano za ubani. Kila moja ilipewa jina la muji na ikabeba harufu ya dini ya kule: Kyoto ya Japani, Jaisalmer ya India, Ouarzazate ya Moroko, Zagorsk ya Urusi, na Avignon ya Ufaransa. Avignon ni muji ambako mapapa walikaa kuanzia 1309 mpaka 1377. Fundi aliyetunga parfumu hiyo ni Mufaransa Bertrand Duchaufour. Ukiinusa unafikiri umeingia katika kanisa la zamani: mawe ya baridi, mbao, moshi.

Parfumu ya namna hii si sawa zile zinazotangazwa kwenye televizyo na kuuzwa kila mahali. Inatengenezwa kwa watu wachache wanaotaka harufu ambayo jirani hana, na chupa ya mililita 50 inapita dola 50. Waarabu nao hawakulala. Kule Oman, inchi ya ubani tangu zamani, nyumba ya Amouage ilianzishwa mwaka wa 1983, na ubani ni moja ya harufu zake kubwa.

Fundi hachomi, anapika na mvuke

Ili kupata mafuta ya ubani, utomvu haufukizwi kwenye makaa. Unapikwa na mvuke wa maji, mvuke unapozwa, na mafuta yanajitenga na maji. Mafuta hayo yananuka karibu na ndimu na pilipili, hayanuki moshi wa kanisa moja kwa moja. Mwaka wa 2016 watafiti wa Nice, Ufaransa, walitaja asidi mbili ndogo ndani ya ubani ambazo ndizo zinatupa ile harufu ya "kanisa la zamani".

Kwa hiyo fundi anachanganya. Ndani ya Avignon, pamoja na ubani, wametaja elemi, vanila na pachuli. Tuyashike majina mawili, elemi na vanila. Tutayarudilia.

Machozi ya muti

Ubani ni utomvu wa miti ya aina ya Boswellia. Inaota kwenye mawe na ukame: Somalia, Ethiopia, Eritrea, Sudani, Yemen na Oman. Mukulima wa Beni ataelewa kazi yake haraka, maana inafanana na ile ya papaini. Sisi tunachanja papai bichi, maziwa yanachuruzika. Wao wanachanja ganda la muti, maziwa meupe yanatoka, yanakauka kwa siku kumi ao wiki mbili, yanakuwa punje za njano zinazoitwa "machozi". Wanakwangua, kisha wanachanja tena.

Shida iko hapo. Bei ikipanda, muti unachanjwa kupita kiasi na haupewi mwaka wa kupumuzika. Mbegu zinapungua, wadudu wanaingia kwenye vidonda. Tena moto na mifugo vinamaliza miche. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2019 juu ya Boswellia papyrifera, muti unaotoa sehemu kubwa ya ubani wa dunia, ulisema kama mambo yataendelea vile, mavuno yatapungua kwa nusu katika miaka 20. Mahali pengi watafiti walikuta miti mizee tu, bila mitoto.

Na mwenye kupanda mawe kuchanja ndiye anayebakia na sehemu ndogo ya franga. Bei inakua kisha muzigo kuvuka mupaka, kwa mwenye mashini ya mvuke na mwenye jina kwenye chupa.

Sisi tunaingilia wapi?

Vanila kwanza. Inalimwa Beni, Butembo na upande wa Ituri, na nyingi inapitia Uganda. Mwaka wa 2018 kilo ya vanila kavu kwenye soko la dunia ilipita dola 500, kisha bei ikaanguka. Ganda linahitaji karibu miezi tisa juu ya muti ili liive. Lakini mukulima anaogopa wezi, analikata bichi, harufu inakuwa haba, na munanunuzi anashusha bei ya kila mutu, hata ya yule aliyengoja. Uganda, serikali inatangaza tarehe ya kuvuna. Hata kabla ya serikali, koperative ya kijiji inaweza kupatana juu ya tarehe moja na kulinda mashamba pamoja.

Elemi sasa. Ni utomvu wa muti wa Ufilipino, Canarium. Ndugu yake, Canarium schweinfurthii, ambaye Wafaransa wanaita aiélé, anaota katika misitu yetu ya Kongo na Uganda. Ni muti murefu sana, unaweza kufika metre 50. Matunda yake ya zambarau yanaliwa, na utomvu wake unachomwa kama ubani. Katika msitu wa Ituri Wambuti wanautumia kama taa ya usiku. Ni wa jamaa moja na Boswellia.

Tusidanganyane: utomvu huo haujawa biashara kubwa kama vanila. Lakini muti ukishakatwa mbao ao kuwa makala ya jikoni, unauzwa mara moja tu. Ukibakia umesimama, unatoa matunda na utomvu mwaka hata mwaka, kama mwenye kuuchanja anajua kuuacha upumuzike. Hilo ndilo wachanjaji wa ubani wanajifunza sasa, wakati miti imeanza kuisha.