Mkesha wa Watakatifu Wote: Familia ya Kikatoliki na Mwaliko wa Halloween

Kila tarehe 31 Oktoba, watoto wengi nchini Marekani huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba pipi, huku maboga yaliyochongwa nyuso yakiwekwa mbele ya milango. Miongoni mwao wamo watoto wa waamini wenzetu waliohamia huko kutoka Afrika Mashariki na Kongo. Marafiki na majirani wanapowaalika, wazazi hujikuta njia panda. Kukataa kunaweza kumtenga mtoto na wenzake; kukubali bila kupima kunaweza kumzoesha kufanya mchezo na mambo ya giza. Ili kuwasaidia wazazi hao, pamoja na ndugu zao wa nyumbani wanaoombwa ushauri, tunaeleza hapa asili ya siku hiyo na mafundisho ya Kanisa yanayoihusu.

Asili yake

Jina Halloween ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha wa Watakatifu Wote. Mwanzoni mwa karne ya 7, Papa Bonifasi IV aliliweka wakfu jengo la Pantheon mjini Roma kwa heshima ya Bikira Maria na mashahidi wote. Katika karne ya 8, Papa Gregori III alitenga kikanisa ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro kwa heshima ya watakatifu wote. Mwaka 835, wakati wa Papa Gregori IV, sikukuu ya tarehe 1 Novemba ilienezwa katika dola la Wafranki. Takriban miaka 1000 iliyopita, Mtakatifu Odilo, abate wa Cluny nchini Ufaransa, aliagiza watawa wake wawaombee marehemu wote tarehe 2 Novemba.

Ni kweli kwamba Waselti wa Ireland, kabla ya kupokea Injili, walikuwa na sikukuu yao ya mwisho wa mavuno iliyoitwa Samhain, na baadhi ya desturi za wakati huo zilibaki kati ya watu. Lakini desturi ya kupita milangoni ina mizizi ya Kikristo pia: huko Uingereza, maskini na watoto walipewa mikate midogo, nao wakawaombea marehemu wa nyumba ile. Wahamiaji kutoka Ireland walipofika Marekani katika karne ya 19, walikwenda na desturi zao.

Lililo halali na lisilo halali

Kuvaa mavazi ya kuigiza, kugawana pipi na kula pamoja na majirani si dhambi. Lisiloruhusiwa kamwe, hata kwa mzaha, ni kupiga ramli, kuwaita wafu na kufanya uchawi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayakataa waziwazi katika namba 2116 na 2117. Mzazi aulize mapema kuhusu michezo iliyopangwa. Pakiwa na jambo la namna hiyo, akatae kwa upole na kueleza sababu, kwa kuwa rafiki wa kweli atamwelewa.

Namna ya kusherehekea

Familia inaweza kuwa mwenyeji badala ya kusubiri mwaliko. Watoto wavae kama watakatifu, na kila mmoja asimulie maisha ya yule aliyemchagua: Mtakatifu Josefina Bakhita, aliyetekwa utumwani nchini Sudan na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000, au Mtakatifu Kizito, kijana mdogo kabisa kati ya mashahidi wa Uganda, aliyechomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wageni wasio Wakatoliki nao watasikiliza kwa furaha, maana watoto wote hupenda habari za mashujaa.

Tusisahau kwamba Misa ya jioni ya tarehe 31 Oktoba ndiyo inayoifungua sikukuu yenyewe. Pipi zaweza kufuata baadaye. Vilevile, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, mwamini anayezuru makaburi na kuwaombea marehemu anaweza kuwapatia roho za toharani rehema kamili, akitimiza masharti ya kawaida: kuungama, kukomunika, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu na kujitenga na kila dhambi. Aliye ughaibuni, mbali na makaburi ya wazee wake, azuru makaburi ya hapo alipo na kuwataja wake kwa majina mbele ya watoto. Kwa njia hiyo watoto watajifunza kwamba marehemu wetu si wa kuogopwa, bali ni wa kuombewa.