Muhammad Iqbal, Wakili Aliyepima Mashairi ya Wasufi

Asomaye mashairi ya Wasufi wa Uajemi hukuta mvinyo, mpenzi na ulevi katika kila ukurasa. Wako wasemao kwamba hayo ni mambo ya dunia tu. Wengine husema kwamba yote ni mafumbo ya kumpenda Mwenyezi Mungu. Muhammad Iqbal aliuliza swali la tatu: je, shairi hili humfanyaje mtu alisomaye?

Iqbal alizaliwa Sialkot, katika Punjab, mwaka 1877. Mwalimu wake alikuwa Mir Hasan, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefundisha katika chuo cha misioni ya Waskoti mjini humo. Baadaye Iqbal alisoma Cambridge, akapata shahada ya udaktari Munich kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Waajemi, na mwaka 1908 alipata idhini ya uwakili London. Kisha alirudi Lahore, akafanya kazi ya uwakili hata mwaka 1934.

Mwaka 1915 alitoa utenzi wa Kiajemi uitwao Asrar-i Khudi, yaani Siri za Nafsi. Wasufi wengi walifundisha kwamba nafsi yapasa kufutika katika Mungu, kama tone lipoteavyo baharini. Iqbal alikataa. Kwake, kumkaribia Mungu huitia nafsi nguvu, wala hakuiondoi. Na taifa lililofundishwa kujifuta hulegea, likashindwa kutenda. Kwa hiyo alimshutumu Hafiz wa Shiraz, mshairi apendwaye kuliko wengi, kwamba utamu wake huwalaza watu usingizi. Ghadhabu ikawa kubwa, hata katika chapa ya pili ya mwaka 1918 aliziondoa beti zile. Lakini fundisho lenyewe hakuliacha.

Walakini hakuwa adui wa Wasufi. Kiongozi wake alikuwa Jalal al-Din Rumi, aliyekufa Konya mwaka 1273. Na katika Javid Nama, kitabu cha mwaka 1932, Rumi ndiye amwongozaye mbinguni. Kwa Rumi aliona mapenzi yamwamshayo mtu atende.

Basi Usufi si neno moja. Washairi wawili waweza kutaja kikombe kile kile, mmoja akalaza, wa pili akaamsha. Nasi tufundishao kati ya Waislamu yatupasa kupima kila shairi kwa matunda yake, kabla ya kulisifu au kulihukumu.