Vitabu vya Ubatizo na Kutafuta Nasaba: Mfano wa Wajerumani na Wakelti

Utangulizi

Miongoni mwa watu wa Ulaya na wazao wao walioko Amerika ya Kaskazini wamo wengi ambao hutumia saa zao za mapumziko, pengine maisha yao yote, kutafuta majina ya mababu zao. Katika makala haya twakusudia kuitazama kazi hiyo kwa jicho la historia ya Kanisa, tukichukua mfano wa wale wanaofuatilia asili ya Kijerumani na ya Kikelti. Asili hizo mbili mara nyingi hukutana katika familia moja huko Marekani na Kanada, ambako wahamiaji kutoka Ujerumani, Ayalandi na Uskoti waliishi jirani na kuoana.

Jambo hili latuhusu sisi watumishi wa Kanisa kwa sababu moja kubwa: sehemu kubwa ya majina hayo isingalijulikana leo kama wachungaji na mapadre wasingaliyaandika. Swali letu basi ni hili: kitabu kilichoandikwa ili kushuhudia neema chaweza kusema nini juu ya damu?

1. Kalamu ya mchungaji wa Kijerumani

Katika usharika wa Mtakatifu Sebald, mjini Nürnberg, kitabu cha ndoa kilianza kuandikwa mwaka 1524. Hicho ni kimoja cha vitabu vya kale kabisa vya namna hiyo upande wa Matengenezo. Kanisa Katoliki liliagiza vitabu vya ndoa na vya ubatizo katika Mtaguso wa Trento mwaka 1563. Hata hivyo Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648) viliteketeza vitabu vingi, na ndiyo sababu watafutaji wengi hukwama wanapofikia karne ya 17. Usajili wa serikali kwa nchi yote ya Ujerumani ulianza tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo, isipokuwa katika majimbo machache yaliyoanza mapema, mtoto wa mkulima alijulikana kwa vizazi vya baadaye kwa kalamu ya mchungaji tu.

Mtafutaji hana budi kujifunza kuusoma mwandiko wa kale wa Kijerumani, na maneno ya Kilatini pia. Tena hugundua upesi kwamba jina la ukoo si ushahidi wa damu. Huko Westfalia, mwanamume aliyeoa binti mrithi wa shamba aliweza kuchukua jina la shamba lile na kuliacha la baba yake. Huko Friesland ya Mashariki watu wengi walitumia jina la baba kama jina la pili, hata jina likabadilika kila kizazi, mpaka amri ya Napoleon ya mwaka 1811 ilipowataka wawe na majina ya kudumu.

Vitabu hivyo pia vinaonyesha udhaifu wa waandishi wake. Katika sharika kadhaa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliandikwa mwishoni mwa kitabu, au jina lake likaandikwa kichwa chini. Mtoto yule alibatizwa kwa maji yale yale na kwa Jina lile lile kama wengine. Lakini kalamu ilimtenga hata baada ya Sakramenti kumpokea.

2. Wakelti: ulimi, kumbukumbu na moto

Neno "Kikelti" lataka uangalifu. Kwa wataalamu ni kwanza jina la jamii ya lugha: Kiayalandi, Kigaeli cha Uskoti, Kiwelisi, Kibretoni na nyingine. Msomi wa Welisi, Edward Lhuyd, alionyesha undugu wa lugha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1707. Kwa hiyo anayesema ana "damu ya Kikelti" anasema, kwa usahihi zaidi, kwamba baadhi ya wazee wake walinena lugha mojawapo ya hizo.

Majina yao yenyewe ni nasaba fupi. "Mac" ni mwana wa. "Ó" ni mjukuu au mzao wa. Na kwa Kiwelisi "ap" ni mwana wa, ambapo ap Rhys likageuka kuwa Price na ap Hywel likawa Powell. Huko Ayalandi walikuwako wanazuoni ambao kazi yao ya kurithi ilikuwa kutunza nasaba za koo. Dubhaltach Mac Fhirbhisigh alizikusanya nyingi katika kitabu kikubwa mjini Galway miaka ya 1649 na 1650, wakati wa vita. Hata hivyo nasaba za namna hiyo zilihusu hasa wakuu wa koo. Mtu mnyonge, kama aliandikwa popote, kwa kawaida aliandikwa kanisani. Huko Uskoti kitabu cha kale zaidi kilichobaki ni cha usharika wa Errol, cha mwaka 1553.

Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za taifa lililoko Four Courts, mjini Dublin, liliteketea. Humo vilipotea vitabu vya mamia ya sharika za Kanisa la Ayalandi, vilivyokuwa vimepelekwa huko kwa amri ya sheria ili vihifadhiwe. Vile ambavyo mapadre walikuwa wamebaki navyo sharikani, au walivyovinakili kabla ya kuvipeleka, vilisalimika. Miaka mia baadaye, Juni 2022, wanahistoria walifungua hazina ya kielektroniki yenye kukusanya nakala na vipande vya kumbukumbu zilizopotea. Bidii ya makarani na mapadre wasiojulikana ndiyo iliyowezesha sehemu ya kazi hiyo.

3. Kitabu cha neema chageuzwa kuwa silaha

Hapa twafikia jambo zito. Sheria ya tarehe 7 Aprili 1933 ilimtaka mtumishi wa serikali ya Ujerumani athibitishe kwamba hakuwa na asili ya Kiyahudi. Mwaka 1935 zikafuata Sheria za Nürnberg. Kilichokuwa burudani ya wachache kikawa lazima kwa mamilioni, nao wakamiminika katika ofisi za wachungaji kuomba nakala za ubatizo wa babu na bibi zao ili kujaza hati ya mababu iliyoitwa Ahnenpass.

Tuzingatie utaratibu wenyewe. Watawala walihubiri damu, lakini hawakuwa na kipimo cho chote cha damu. Walitazama dini ya babu na bibi, kama ilivyoandikwa vitabuni. Mjini Berlin, mwaka 1936, palifunguliwa ofisi ya Kanisa ya kuvichambua vitabu vya ubatizo, ikiongozwa na mchungaji Karl Themel, nayo ikawatafuta Wakristo ambao wazee wao walikuwa Wayahudi waliobatizwa. Hivyo ubatizo ulioandikwa ili kusema "huyu ni wetu" ukasomwa ili kusema "huyu si wetu."

Wako waliopinga. Martin Niemöller na wenzake waliunda umoja wa wachungaji Septemba 1933 kupinga sheria hiyo ya asili kuingizwa katika huduma ya Kanisa, na Dietrich Bonhoeffer aliandika mapema mwaka huo huo. Lakini hata kati ya wapinzani hao, kazi ya kutoa nakala kwa jumla iliendelea. Mtunzi wa nyimbo za Kanisa Jochen Klepper alikuwa na mke Myahudi, Johanna, aliyebatizwa mwaka 1938. Ubatizo huo haukuhesabiwa kitu mbele ya serikali. Desemba 1942, binti wa Johanna alipokaribia kuhamishwa kwa nguvu, wote watatu walijiua nyumbani kwao Berlin.

4. Mafundisho kwetu

Je, yatupasa kuilaumu kazi ya kutafuta nasaba? La. Kuwakumbuka wazazi ni sehemu ya kuwaheshimu. Tena mtafutaji mwaminifu hufundishwa unyenyekevu na hesabu yenyewe: wazazi 2, babu na bibi 4, na katika kizazi cha kumi nyuma watu 1,024, katika kizazi cha ishirini nafasi hupita milioni moja. Kwa kuwa vijiji vilikuwa vidogo, mtu yule yule hujaza nafasi nyingi, na wageni huingia toka kila upande. Anayetafuta asili iliyo safi hataipata; anayetafuta watu atawapata.

Mathayo naye aliandika nasaba, lakini akawataja humo Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, ambao mwandishi mwenye kutafuta usafi angewaficha. Mtume naye aonya juu ya nasaba zisizo na mwisho (1 Timotheo 1:4), na Yohana 1:13 yatufundisha kuzaliwa kusikotokana na damu.

Hitimisho

Sisi nasi twatunza vitabu vya ubatizo. Yatupasa kuviandika kwa ukamilifu: jina la mama pamoja na la baba, kijiji, tarehe, wasimamizi, kutunza nakala mahali pa pili, na kumwandika mtoto asiye na baba anayejulikana katika ukurasa ule ule, kwa mwandiko ule ule. Na siku atakapokuja mtu mwenye mamlaka kuomba kitabu, na tuulize kwanza anataka kumfanyia nini mtu ambaye jina lake limo humo.