Watani wa Mto Mmoja

Machi 1979 wanywaji wengi wa mji wa Quebec, Kanada, waliikataa bia ya Molson. Si kwamba walikuwa wameokoka. Kiwanda cha Molson ndicho kilichomiliki Canadiens, timu kongwe ya hoki ya barafuni ya Montreal, na Canadiens ilikuwa imetoka kupiga kura ya kuizuia Nordiques, timu ya Quebec, isiingie kwenye ligi kuu ya NHL. Timu 12 zilikubali, 5 zikakataa. Ilipungua kura moja. Hofu ya wakubwa ilikuwa fedha za televisheni: mlo ule ule, walaji wameongezeka. Mgomo wa bia ukazuka pia Edmonton na Winnipeg, miji ambayo timu zake nazo zilikuwa zimefungiwa mlango. Kabla mwezi haujaisha kura ilipigwa upya, na safari hii Montreal ikasema ndiyo.

Hapa kwetu timu mbili za namna hiyo tungeziita watani wa jadi, kama tunavyowaita Simba na Yanga. Neno hili lina akili kuliko tunavyolipa sifa. Mgeni hataniwi. Anayetaniwa ni jirani, shemeji, mtu ambaye msiba wako atauhudhuria. Simba yenyewe ilizaliwa 1936 kutokana na watu waliojitenga na Yanga.

Montreal na Quebec ziko kando ya mto mmoja, St. Lawrence, umbali wa kilomita 250 hivi, na wengi wa wakazi wake huzungumza Kifaransa. Kabla ya Nordiques kuingia NHL, shabiki wa ligi hiyo mjini Quebec kwa kawaida alikuwa shabiki wa Canadiens, na alikuwa na haki ya kudai ameilea. Jean Béliveau alijaza uwanja wa Quebec akichezea Aces kabla ya kuhamia Montreal mwaka 1953. Guy Lafleur, nyota wa miaka ya 1970, aling'arishwa na Remparts, timu ya vijana ya Quebec. Kwa hiyo 1979 hakuingia adui kutoka nje. Nyumba ndiyo iliyopasuka.

Canadiens nayo ilikuwa mtoto wa ushindani wa nyumbani. Iliundwa Desemba 1909 ili Wafaransa wa Montreal wawe na timu ya kuikabili Wanderers, timu ya Waingereza wa mji huohuo. Wanderers ilikufa uwanja wake ulipoungua Januari 1918. Mwaka 1924 ikaja Maroons, ya Waingereza pia, iliyojengewa ukumbi maarufu wa Forum na kuchukua Kombe la Stanley, taji kuu la hoki, mara mbili, 1926 na 1935. Howie Morenz wa Canadiens alipofariki Machi 1937, Novemba ya mwaka huo wachezaji wa Canadiens na Maroons waliunda kikosi kimoja wakacheza na nyota wa ligi nzima kumuenzi. Hapo utani ulitimiza wajibu wake wa msibani. Msimu mmoja baadaye mdororo wa uchumi ukaiua Maroons, na kwa miaka 41 Canadiens ikabaki haina wa kutaniana naye nyumbani. Makombe ilipata, tena kwa wingi. Toronto ilikuwapo, lakini Toronto ni watu wengine.

Nordiques ilivaa jezi ya samawati yenye ua la yungiyungi, lile lililo kwenye bendera ya jimbo la Quebec, wakati ambapo jimbo lilikuwa linajiandaa kwa kura ya maoni ya Mei 1980 kuhusu kujitenga na Kanada. Wapo wanaousoma uhasama wote kwa miwani hiyo. Naona wameongeza chumvi. Bia ilikuwa karibu zaidi na roho ya jambo: Nordiques ilimilikiwa na Carling O'Keefe, mshindani wa Molson, kwa hiyo kila bao lilikuwa na kaunta yake ya kuuziwa.

Faida ya mtani ni kwamba hakuachi ulale. Agosti 1980 Nordiques iliwatorosha ndugu wawili, Peter na Anton Stastny, kutoka klabu moja ya Chekoslovakia iliyokuwa Austria. Kaka yao Marian alifuata mwaka uliofuata. Mwaka 1982, kwenye mtoano, Dale Hunter aliifungia Quebec sekunde 22 tu ndani ya muda wa nyongeza, na Canadiens ikatolewa na mdogo wake wa juzi. Tangu hapo ikawa vigumu kwa bosi wa Montreal kumpuuza kijana wa Kifaransa mwenye kipaji. Angemwacha, wa kumchukua alikuwapo, na angemleta Montreal kumfunga.

Kisha ikaja Ijumaa Kuu, tarehe 20 Aprili 1984. Quebec ilikuwa mbele. Kipindi cha pili kilipokwisha, timu zote mbili zilimwagika uwanjani na ngumi zikavuma. Jean Hamel wa Montreal, aliyewahi kuichezea Quebec, alipigwa na Louis Sleigher akazimia barafuni. Waamuzi walikata hukumu wakati wa mapumziko, lakini habari haikuwafika wachezaji kabla hawajarudi. Waliofukuzwa walijikuta wako uwanjani tayari, hawana cha kupoteza, wakaanza upya. Dale Hunter alikuwa upande mmoja. Mdogo wake, Mark, upande wa pili. Zilitolewa dakika 252 za adhabu. Montreal, katika kipindi cha mwisho, ikafunga mabao matano na kuitoa Quebec kwa 5-3. Siwezi kuisifu siku ile: ngumi iliyomzimisha Hamel haikuwa utani.

Aprili 1987, timu hizi zilipokutana tena kwenye mtoano, mwamuzi Kerry Fraser alilikataa bao la Alain Côté mchezo ukiwa 2-2, Ryan Walter akaifungia Montreal muda mfupi baadaye, na bao lile la Côté bado linajadiliwa Quebec kama kesi ya shamba.

Mwaka 1995, mishahara ikiwa imepanda na dola ya Kanada imedhoofika, Nordiques iliuzwa na kuhamia Denver kwa jina la Colorado Avalanche. Desemba hiyohiyo golikipa Patrick Roy, mzaliwa wa Quebec, alikosana na uongozi wa Canadiens akauzwa kwa Colorado. Nordiques ingekuwa bado Quebec, ni nani Montreal angethubutu kumkabidhi mtani kipa kama yule? Juni 1996 Colorado ikabeba Kombe la Stanley. Kombe la mwisho la Canadiens ni la 1993, na njiani kulifikia iliitoa Nordiques.

Septemba 2015 mji wa Quebec ulifungua ukumbi mpya, Centre Vidéotron, wenye viti zaidi ya 18,000, kwa matumaini kwamba NHL ingerudi. Timu haikuja. Ukumbi ukawa wa Remparts. Mwezi huohuo wa kuufungua iliandaliwa humo mechi ya NHL, ya maandalizi tu, na aliyealikwa alikuwa Canadiens. Upande wa pili walisimama Pittsburgh, wageni.