Injini Iliyokingama

Ukiitazama picha ya gari la Kiitalia liitwalo Lamborghini Miura, huenda ukadhani kwamba umbo lake limetoka katika kalamu ya mchoraji peke yake. Ni gari la chini mno: toka ardhini hata paani ni sentimita 105 tu, sawa na kimo cha mtoto mdogo. Lakini nakuomba, msomaji, uanze kulitazama mgongoni mwa dreva, ilikofichwa injini, maana huko ndiko umbo lake lilikoanzia.

Ferruccio Lamborghini alikuwa mtengenezaji wa matrekta. Mwaka 1963 alifungua kiwanda cha magari huko Sant'Agata Bolognese, kaskazini ya Italia. Alitaka magari ya mbio lakini yenye starehe, mashindano hakuyataka. Wahandisi wake wawili, Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani, walikuwa bado vijana wasiotimia miaka thelathini, na pamoja nao alikuwako Bob Wallace, mjaribu magari kutoka New Zealand. Roho za hao zilikuwa katika mashindano. Yasemwa kwamba walianza kulichora gari lao jioni, baada ya saa za kazi, bila ya kuagizwa na mwenye kiwanda.

Katika magari ya mashindano ya siku zile injini ilikuwa imekwisha hamia nyuma ya dreva, ili uzito ukae karibu na katikati. Vijana walitaka vivyo hivyo, ila injini yao ilikuwa na silinda 12, na ujazo wa karibu lita 4. Kama wangaliilaza kwa urefu, na sanduku la gia likafuata nyuma yake, gari lingalirefuka kupita kiasi. Basi wakaikingamisha, toka ubavu hata ubavu, kama ubao wa kukalia ulivyokingama katika mashua. Alec Issigonis alikwisha fanya hivyo mwaka 1959 katika gari dogo la Kiingereza, Mini. Lakini injini ile ilikuwa ndogo, tena ilikaa mbele. Katika Miura injini na sanduku la gia viliumbwa mwili mmoja, vikatumia mafuta mamoja.

Novemba 1965, huko Torino, fremu tupu isiyo na bodi ilionyeshwa kwa watu. Kazi ya kuivika ikaangukia nyumba ya Bertone, na mchoraji akawa Marcello Gandini, mwenye miaka 27. Sasa tazama jinsi alivyoitii injini. Kwa kuwa mbele hapakuwa na injini ya kufunika, aliishusha pua. Nyuma, palipokuwa na joto jingi, aliweka vibao vyeusi vilivyopangwa kama vya dirisha la luva, joto lipate kutoka. Kope nyeusi zizungukazo taa za mbele, kwa maoni yangu, ni pambo tu; lakini ni pambo zuri.

Machi 1966 gari likapelekwa Geneva. Yasimuliwa kwamba injini haikuwamo. Waliweka vitu vizito mahali pake na kukifunga kifuniko, wageni wasichungulie.

Uzuri huo haukukosa hatari. Tangi la petroli lilikuwa mbele, hivyo kadiri petroli ilivyopungua, ndivyo pua ilivyopungua uzito. Na upepo wa mwendo mkali ukazidi kuiinua, hata usukani ukawa mwepesi mikononi mwa dreva wakati ule ule alipouhitaji zaidi. Wanaolisifu gari hili kwa picha zake husahau jambo hilo.

Miura liliendelea kutengenezwa hata 1973. Katika yale ya mwisho mafuta ya injini na ya gia yalitenganishwa. Nao Gandini na Stanzani, walipoonyesha mfano wa gari jipya, Countach, mwaka 1971, walikuwa wamekwisha igeuza injini: iko nyuma bado, lakini imelazwa kwa urefu, na sanduku la gia limetangulia mbele yake, katikati ya viti viwili.